Gitaa Jekundu Lapiga Hodi Ng'ambo

"Mjomba, bendi ikienda kupiga muziki nchi ya mbali, na watu wa huko hawaijui, nani anaikaribisha?"

Swali zuri hilo, mwanangu. Zuri sana. Wakubwa wangapi wanapenda muziki na hawajawahi kujiuliza hivyo! Sogeeni hapa karibu. Jibu lake analo gitaa mmoja mwekundu, na leo nitamwachia aseme mwenyewe.

Kwanza niwajulishe. Gitaa huyu ni wa Brian May, mpigaji wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Queen. Wenzake Brian walikuwa watatu. Roger Taylor alipiga dramu. John Deacon alipiga besi. Na mwimbaji? Mwimbaji alikuwa mtoto wa Unguja. Ndiyo, Unguja hii hii. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Maparsi wenye asili ya Gujarat, na baba yake alikuwa keshia serikalini. Akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni India. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar, familia yote ikahamia Uingereza. Huko ndiko alikojipa jina mnalolisikia redioni: Freddie Mercury.

Haya, Gitaa. Watoto wanakusikiliza.

"Asante, Mjomba. Watoto, mimi sikununuliwa dukani. Brian alikuwa na miaka 16, anatamani gitaa la umeme, na nyumbani hakuna pesa ya kulinunua. Basi yeye na baba yake wakasema, tutaunda letu. Mwaka 1963 wakaanza. Wakafanya kazi kama miaka miwili. Shingo yangu hii ni mbao ya meko kuukuu, yale meko ya ukutani ambayo Wazungu huotea moto wakati wa baridi. Ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 100. Ilikuwa na matundu ya wadudu, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Springi zangu zimetoka kwenye pikipiki ya zamani. Hiki kijiti cha kutikisia sauti, ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia ya mama yake Brian. Na hivi vidoti vyeupe shingoni? Ni vifungo, vimetoka kwenye kikapu cha mama cha kushonea."

"Kumbe wewe ni takataka?"

"Mimi ni vitu vya nyumbani, mwanangu. Tena Brian hanipigi kwa kidude cha plastiki kama wengine. Ananipiga kwa sarafu, peni sita ya Kiingereza ya zamani. Ndiyo maana sauti yangu haifanani na ya mwingine."

Mimi Mjomba naongeza hapa, maana hili nalipenda kuliko yote. Mtoto na baba yake waliketi jioni baada ya jioni, na tupa na msasa, wakachonga kitu ambacho dunia nzima ingekuja kukisikiliza. Mkiona baba au mama anatengeneza kitu, msipite tu. Kaeni, muulize. Haya, endelea, Gitaa.

"Sasa swali lenu. Wewe ukienda nyumba ya watu usiowajua, unaingia tu?"

"Hapana. Unapiga hodi."

"Na kama ni wakali? Kama hawakujui kabisa?"

"Unafuatana na mtu wanayemjua."

"Umejibu! Bendi nazo hufanya hivyo hivyo. Aprili 1974 tulivuka bahari ya Atlantiki kwenda Marekani, ziara yetu ya kwanza ya kuzunguka mji kwa mji katika nchi ya ng'ambo. Tulikuwa na albamu mbili tu. Marekani hawakutujua. Basi tulifuatana na bendi nyingine ya Uingereza, kubwa kwetu, iitwayo Mott the Hoople. Mwishoni mwa 1973 tulikuwa tumezunguka nao Uingereza, wakatuzoea. Wao ndio waliopiga hodi. Wao ndio walioitikiwa 'karibu'. Sisi tuliingia nyuma yao."

"Kwa hiyo watu walikata tiketi kuja kuwaona ninyi?"

"Wao, si sisi."

"Na picha kubwa kwenye mabango?"

"Wao, si sisi."

"Na taa nzuri, na muda mrefu wa kupiga?"

"Wao, si sisi, mwanangu! Sisi tulikuwa bendi ya utangulizi."

Hapa Gitaa anasema kweli, na mnapaswa kujua kazi hiyo ilivyo. Bendi ya utangulizi hupanda jukwaani mapema, watu bado wanaingia ukumbini, wanatafuta viti, wanaitana. Vyombo vya bendi kubwa vimeshapangwa nyuma, na hakuna ruhusa ya kuvisogeza. Hivyo wewe unabanana mbele, kwenye ukanda mwembamba wa jukwaa. Unapewa muda mfupi. Ukimaliza, unashuka, na mafundi wanaanza kubeba vyombo vyako kabla jasho halijakauka.

"Mjomba, na umeme je? Kwao ni kama wetu?"

Nani ameuliza hilo? Wewe? Njoo nikushike mkono. Hapana, si kama wetu. Uingereza wakati ule ilitumia umeme wa volti 240. Marekani ni kama volti 120, nusu tu. Japani ni volti 100. Gitaa mwenyewe hachomekwi ukutani, lakini kikuza sauti chake huchomekwa. Ukichomeka kikuza sauti cha London kwenye umeme wa Marekani bila transfoma, kitalegea. Ukichomeka cha Marekani kwenye umeme wa London, kitaungua. Kwa hiyo bendi inayosafiri hubeba transfoma, au huazima vyombo vya huko huko. Mafundi ndio wanaokumbuka mambo haya, na majina yao hayaandikwi kwenye bango. Kwangu mimi wanastahili makofi sawa na waimbaji.

"Tulianzia Denver, Colorado," Gitaa akasema. "Mji ule uko juu, kama mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na mgeni akipanda ngazi tu anahema. Sasa fikirini kuimba roki! Freddie akatoka. Akasimama mbele ya watu wasiomjua kana kwamba ukumbi wote umekuja kwa ajili yake. Mkononi alishika nusu ya stendi ya maikrofoni. Nusu tu. Zamani stendi ilimkatikia akiwa jukwaani, akaona nusu yake inamtosha, na toka siku hiyo hakuiacha."

"Hakuona haya?"

"Nje ya jukwaa alikuwa mpole, hata mwenye haya. Jukwaani, hapana. Mgeni anaweza kuingia nyuma ya mwenzake na bado akatoa salamu yake kwa sauti inayosikika hadi uani. Watu walikuja kwa ajili yao, si sisi. Lakini walipokuwa wakirudi kwao, wapo waliouliza, wale wa kwanza wanaitwa nani?"

Wakazunguka mji baada ya mji. Mei 1974 wakafika New York. Hapo wakapiga karibu wiki nzima katika jumba la maonyesho la Uris, Broadway, mtaa unaojulikana kwa michezo ya kuigiza. Mott the Hoople walikuwa bendi ya kwanza ya roki kupewa wiki ya maonyesho Broadway, na Queen walikuwa nyuma yao, kila usiku.

Halafu, Boston. Gitaa, usiruke hapo.

"Siruki, Mjomba. Boston, Brian alishindwa kuamka. Mwili wote ulikuwa mzito, na ngozi imegeuka manjano. Ilikuwa homa ya ini. Mwanzoni mwa mwaka, kabla hatujakwenda Australia, alichanjwa kwa sindano chafu, mkono ukaoza kidonda hadi ikahofiwa utakatwa. Na sasa hili. Ziara ikaishia pale. Mott the Hoople walisonga mbele, sisi tukapanda ndege kurudi. Mimi nililala ndani ya sanduku langu. Brian alilala kitandani, na wazo moja lilimsumbua: watatafuta mpiga gitaa mwingine."

"Walimtafuta?"

"Subirini. Miezi michache baadaye wakaingia studio kurekodi albamu ya tatu. Brian akaugua tena, safari hii kidonda cha tumbo, akarudishwa hospitali. Freddie, Roger na John wakaendelea. Lakini unajua walifanyaje? Kila palipotakiwa gitaa, waliacha nafasi. Wimbo unakwenda, unafika pale, kimya, halafu unaendelea. Brian alipopata nafuu akaja, akanichukua, akazijaza zile nafasi moja baada ya moja."

Mmesikia? Waliacha nafasi. Mimi kila nikiusikiliza muziki ule nazitafuta nafasi zile, na sizipati, namna alivyozijaza vizuri. Albamu hiyo, Sheer Heart Attack, ilitoka Novemba 1974. Ndani yake mna wimbo ambao Brian aliutunga akiwaza safari ile ya Marekani, na akawataja humo Mott the Hoople. Hakuwasahau waliompigia hodi.

"Na Marekani mlirudi?"

"Mapema 1975. Safari hii bango ni letu. Watu walikuja kumwona nani? Sisi! Lakini koo la Freddie likachoka kwa kuimba karibu kila siku, daktari akamkataza, maonyesho mengine yakafutwa. Safari haina mwenyewe, watoto. Ndipo Aprili tukaenda Japani."

"Huko mlifuatana na nani?"

"Hatukufuatana na mtu. Huko hodi ilikuwa imeshapigwa kabla hatujafika. Kulikuwa na jarida la muziki, Music Life, ambalo lilikuwa likichapisha picha zetu na habari zetu, na vijana wa Kijapani wakanunua sahani zetu, wakajifunza majina yetu. Sisi hatukujua. Nyumbani Uingereza tulikuwa tunadaiwa, tunalipwa mshahara mdogo wa wiki. Ndege ikatua uwanja wa Haneda, Tokyo. Tukaona maelfu ya watu. Tukadhani kuna mkubwa fulani ndani ya ndege yetu."

"Kumbe ni ninyi!"

"Kumbe ni sisi. Tarehe 19 Aprili 1975 tukapiga Budokan, ukumbi uliojengwa kwa mashindano ya judo ya Olimpiki ya 1964. Watu wakasukumana kuja mbele mpaka waliotangulia wakawa wanabanwa na jukwaa. Freddie akasimamisha muziki. Akawaomba watulie, warudi nyuma, asiumie mtu. Wakarudi. Ndipo tukaendelea."

Freddie alirudi huko na Queen mara nyingi. Akapenda vitu vya Kijapani, vyombo vya udongo, michoro, kimono, akavikusanya nyumbani kwake London. Na Brian akatunga wimbo kwa ajili ya mashabiki wale, Teo Torriatte, uliomo katika albamu yao ya 1976. Kiitikio chake sehemu ni Kijapani. Rafiki yao mmoja wa Kijapani alikuwa mkalimani wao, akamsaidia Brian kupata maneno, na Freddie akayaimba.

"Mjomba, Freddie alijua lugha ngapi?"

Lo! Hilo nalo ni swali. Kiingereza, na Kigujarati cha nyumbani. Na mtoto aliyekulia Unguja atakosaje kusikia Kiswahili mitaani? Kaa nami, tulitafute pamoja.