TUCHAGUE MSHIPI MZURI WA KUVULIA

Ndugu zetu wa Dirma, wengi wetu tukinunua mshipi tunaangalia bei tu. Lakini mshipi ukikatika, samaki anakwenda na ndoana, na pesa yetu imekwenda. Basi tujifunze kuchagua.

Kwanza, tujiulize: tunataka samaki gani? Katika Ziwa Basotu wamo perege na kambale. Kwa perege unatosha mshipi mwembamba, kama milimita 0.30. Ukirushwa unafika mbali, na samaki hauoni upesi. Kambale ana nguvu, tena anajizungusha. Yeye anataka mshipi mnene, kama milimita 0.50.

Pili, tuupime kabla ya kulipa. Tupitishe kucha juu yake. Ukiwa na mikwaruzo, tuuache. Jua linaharibu nailoni. Mshipi uliokaa juani dukani tusiununue, hata ukiwa rahisi.

Tatu, tufikirie mahali pa kuuzungushia. Mashine ya kuzungushia mshipi ni ghali. Kopo gumu linafaa. Tuuzungushe karibu na ukingo wa kopo. Tukirusha, ukingo huo tuuelekeze ziwani. Mshipi utachomoka wenyewe bila kopo kuzunguka. Mashine nyingi za kurushia zinafanya vivyo hivyo.

Nne, tukifunga ndoana, fundo tulilowanishe kwa maji kabla ya kukaza. Fundo kavu linaumiza nailoni.

Mwisho, vipande vya mshipi tusivitupe ziwani. Haviozi upesi. Vinanasa ndege na miguu ya ng'ombe wanaokuja kunywa. Tuvirudishe nyumbani.