Vigogo wa Dunia kwa Kipimo cha Kigwena

Ukiteremka kutoka Rumonge kuelekea Nyanza-Lac, michikichi inakusindikiza mpaka msitu wa Kigwena, nchini Burundi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Miti ya humo ni mirefu, shingo inauma kuitazama. Haya, tuishindanishe na mabingwa!

1. Mkubwa kuliko yote
General Sherman, msekwoya wa California. Shina lake lina mita za ujazo 1,487: lori la mchanga la mita 10 lingekwenda safari 149. Mzingo wake chini unapita mita 31, kumbatio la watu 20 walioshikana mikono.

2. Mrefu kuliko yote
Hyperion, binamu wa msekwoya: mita 115.9. Ukilazwa kwenye uwanja wa mpira wa mita 105, unachungulia nje ya goli. Sherman una 83.8. Na Afrika? Mkukusu wa Kilimanjaro, uliopimwa na Andreas Hemp na kutangazwa mwaka 2016, una 81.5! Sherman unauzidi kwa kimo cha mlango tu. Warundi huuita umuyove, na jamaa zake wamo katika msitu wa Kibira. Kura yangu naupa mkukusu.

3. Mkongwe
Msekwoya mmoja ulihesabiwa pete 3,266, yaani miaka 3,266. Mchikichi wa shambani huchoka kuvunwa baada ya miaka 25 hivi. Umri wa msekwoya huo ni sawa na vizazi 130 vya michikichi.

4. Mbegu ndogo, jitu kubwa
Hapa ndipo ninapovua kofia. Kilo moja ya mbegu za msekwoya ina punje zaidi ya 150,000; kila shabiki katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, angepata mbili na nyingine zingebaki. Zioteshe juu ya udongo mtupu, usizifukie kwa kina. Mche ukae kwenye kiriba chenye unyevu usiokatika, wala maji yasituame. Halafu upe nafasi: mbegu zilifika Uingereza mwaka 1853, na leo miti iliyotokana nazo imepita mita 50, zaidi ya Coaster saba zilizopangwa mkia kwa pua.

5. Aliyelindwa kuliko wote
Gome la msekwoya hufika unene wa sentimita 60, kinga ya moto. Hata hivyo, Septemba 2021 wazimamoto waliufunga Sherman chini ya shina kwa blanketi la alumini.

6. Asiyefaa Kigwena
Msekwoya kwao ni milima ya mita 1,400 hadi 2,150, yenye theluji. Kigwena iko chini ya 850, joto mwaka mzima. Usiuhangaishe, panda miti ya msitu wenyewe.

7. Ziwa lenye kina kuliko yote Afrika
Tumalizie na ziwa la pale ukingoni: Tanganyika, mita 1,470! Simamisha Sherman 17 mmoja juu ya mwingine kilindini: kilele cha mwisho kitabaki mita 45 chini ya mitumbwi ya dagaa.