Siku kati ya diski ya kwanza na ya pili

Juu ya meza ya fundi mmoja wa kompyuta mtaani Rohero, Bujumbura, diski nne zilikuwa zimepangwa safu moja, kila moja na kipande cha plasta kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Zote ziliandikwa namba ya tundu zilimokaa ndani ya seva. Mbili kati yake ziliongezewa tarehe. Seva ni ya ofisi moja ya hapohapo mtaani, na wenyewe walipoileta walieleza kwamba diski mbili zimekufa usiku mmoja, mkosi mtupu. Plasta zilisema vingine. Kati ya tarehe ya kwanza na ya pili zilipita wiki tano.

Wiki tano hizo ndizo zilizonifanya nivute kiti niulize.

Fundi ameomba jina lake lisitajwe, maana wateja wake wote ni majirani. Amekulia Buyenzi, na huzungumza bila haraka, kwa Kiswahili cha huko. Anasema katika miaka yake ya kazi hajaona bado diski mbili zikifa kwa pamoja. Kila mara moja hutangulia, na kila mara inapotangulia hutoa taarifa. Tatizo ni nani aliyekuwapo kuisikia.

Seva nyingi za ofisi hupanga diski zake kwa mtindo wa RAID, ulioelezwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme diski tatu zimebeba namba 4, 7 na 5, na ya nne imebeba jumla yake, 16. Ikifa yenye 7, unatoa 4 na 5 katika 16, na 7 inarudi. Ofisi inaendelea na kazi, mhasibu anafungua mafaili yake, hakuna anayehisi chochote. Lakini ikifa pia yenye 5, umebaki na 4 na 16. Unajua kwamba namba zilizopotea zinafika 12 zikijumlishwa, basi. Ni 7 na 5, au 10 na 2, au 9 na 3? Hakuna ajuaye.

Kwa hiyo diski ya kwanza inapokufa, mtambo wenyewe hupiga kelele. Taa ya kijani hugeuka rangi ya machungwa, na kengele ndogo ndani ya seva huanza kulia: pii, pii, pii, mchana na usiku. Hapa fundi alisimama, akanionyesha kwa kidole namna mtu anavyoingia chumbani, anavyotafuta sauti inatoka wapi, na anavyoizima. Hamlaumu mtu huyo. Seva imewekwa chumba kimoja na karatasi za kuchapia, pembeni ya meza ya karani, na karani ana kazi ya kumaliza. Mafaili yanafunguka, intaneti ipo. Kelele ni ya nini? Kengele ikinyamaza, linabaki onyo la barua pepe, na katika ofisi hii, anasema fundi, lilikuwa likitumwa kila usiku kwenye anwani ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka. Kwa wiki tano mashine iliomba msaada kwa mtu ambaye hayupo.

Ya pili ilipokufa, mafaili yakagoma. Hapo ndipo wengi hujimaliza, na fundi hukunja uso anaposimulia hayo. Mtu anachomoa diski zote bila kuweka alama, anazirudisha ovyo, halafu skrini inamuuliza kama anataka kuunda safu upya, naye anakubali kwa sababu neno "upya" linampa matumaini. Ndiyo maana ya plasta. Kazi ya kwanza ya fundi ni kuzima seva, kuandika namba ya kila tundu, na kumzuia kila mtu asiguse chochote.

Kazi ya pili ni kusoma kumbukumbu za mtambo ili kujua diski ipi ilitangulia kuanguka. Mimi nilidhani ya kwanza na ya pili ni wafu wawili walio sawa. Sivyo. Iliyoanguka kwanza imegandia pale ilipoanguka: ndani yake mna vipande vya mafaili ya wiki tano zilizopita. Ukiilazimisha irudi kazini, unachanganya hesabu za mwezi uliopita na za leo ndani ya faili moja, na faili haliwi la mwezi wowote. Iliyoanguka mwisho ndiyo yenye kuhangaikiwa, kwa kuwa ilikuwa pamoja na wenzake hadi saa ya mwisho. Mara nyingi haijafa kabisa. Ina sehemu chache zisizosomeka, na mtambo umeitoa nje kwa tahadhari.

Diski hiyo anainakili yote kwenye diski mpya kwa kutumia ddrescue, programu ya bure iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz. Nilikaa naitazama ikifanya kazi na sikutaka kuondoka. Hukusanya kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi. Ikifika penye ugumu haing'ang'anii, kwa sababu kung'ang'ania kunaweza kuimaliza diski iliyochoka. Huruka, na kuandika pembeni kwamba hapa pamebaki. Ikishavuna penye wepesi, hurudi penye ugumu kwa vipande vidogo zaidi, tena na tena. Umeme ukikatika katikati, huanzia ilipoachia, kwa kuwa imeandika ramani ya ilikopita. Kwa fundi wa Bujumbura, anasema, sifa hiyo peke yake inatosha.

Kwa nini ya pili huifuata ya kwanza? Ofisini kila mtu hutaja joto la Bujumbura. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zao wakakuta joto halina uzito mkubwa waliotarajia. Waliona pia kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza la usomaji inapokaguliwa, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Fundi hutaja sababu nyingine: diski zote nne zilinunuliwa siku moja, zimezungushwa saa zilezile, zimekatikiwa umeme mara zilezile. Kisha huja kazi ya kujenga upya. Diski ya terabaiti 4, hata kwa kasi ya megabaiti 150 kwa sekunde, huchukua zaidi ya saa saba, na muda wote huo zilizobaki husomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Watengenezaji wa diski za bei ya kawaida hukadiria hadi kosa moja kwa kila biti trilioni 100, yaani terabaiti 12.5. Kusoma diski tatu za terabaiti 4 ni terabaiti 12. Ndiyo maana seva nyingi kubwa hutumia mpangilio wa RAID 6, unaohimili vifo viwili.

Lakini diski ya ziada inatoka wapi? Burundi fedha za kigeni ni adimu, na bidhaa nyingi hupitia bandari ya Dar es Salaam. Ofisi isiyo na diski ya akiba kabatini husubiri, na kila siku ya kusubiri ni ya hatari. Je, atakayebeba lawama ni karani aliyezima kengele, mkurugenzi asiyempa mtu yeyote jukumu la seva, au bajeti iliyonunua mashine bila akiba? Fundi hakunijibu, nami sina jibu.

Ana uhakika na jambo moja: RAID haikuumbwa iwe nakala ya akiba. Rohero inalijua hilo kuliko mitaa mingi. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea hapa, na moto hauchagui diski. Nakala lazima ikae jengo jingine.

Ofisi ile ilipata sehemu kubwa ya mafaili yake, si yote. Wewe unayesoma, Jumatatu uliza ofisini kwako maswali matatu: taa za seva zina rangi gani, onyo linatumwa kwa nani, na mara ya mwisho mtu kujaribu kurudisha faili kutoka kwenye nakala ilikuwa lini. Swali hata moja likikosa jibu, mwite fundi siku hiyohiyo.