Ranitidini Mahakamani: Umbali kati ya Kuondolewa kwa Dawa Sokoni na Fidia ya Saratani

Ranitidini, iliyojulikana zaidi kwa jina la biashara la Zantac, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1981 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1983. Kabla ya muongo huo kwisha, ilikwishakuwa dawa iliyouzwa kuliko zote duniani. Ilitumiwa kutuliza kiungulia na kutibu vidonda vya tumbo, na wapo walioimeza kwa miaka mfululizo. Jambo hili la mwisho lina uzito katika mjadala wa fidia, kwa kuwa dhara linalodaiwa ni la kemikali inayoingia mwilini kidogo kidogo.

Kemikali hiyo ni nitrosodimethilamini (NDMA), ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la 2A, yaani la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Mnamo Septemba 2019, maabara ya Valisure iliyoko Connecticut iliiarifu Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kwamba ilikuta zaidi ya nanogramu 3,000,000 katika kidonge kimoja, ilhali kiwango kinachokubalika ni nanogramu 96 kwa siku. Mamlaka ilijibu kwamba joto la nyuzi 130 lililotumika katika kipimo hicho lenyewe lilizalisha NDMA. Hata hivyo, uchunguzi wake ulibaini kwamba kemikali hiyo huongezeka ndani ya dawa kadiri inavyokaa, na zaidi inapohifadhiwa penye joto. Tarehe 1 Aprili 2020 Mamlaka ikataka ranitidini yote iondolewe sokoni.

Ni rahisi kuuona uamuzi huo kuwa nusu ya ushindi wa mgonjwa. Kisheria sivyo. Mdhibiti hutenda kwa tahadhari: akiona hatari inayoweza kuepukika, nazo dawa mbadala zipo, hiyo humtosha. Mdai hutakiwa kuthibitisha kwanza kwamba dawa inaweza kusababisha saratani ya aina husika kwa kiwango ambacho mtumiaji angekipata, kisha kwamba ndiyo iliyomsababishia yeye. Idadi kubwa ya madai haikuvuka hatua ya kwanza.

Madai ya mahakama za shirikisho yalikusanywa Florida mbele ya Jaji Robin Rosenberg. Kampuni zilizotengeneza dawa hiyo kwa jina la kemikali tu ziliondolewa mapema, kwa hoja kwamba sheria ya shirikisho inazilazimu kutumia maelezo yaleyale ya kampuni asilia. Haziwezi kushtakiwa kwa kutoongeza onyo ambalo hazikuruhusiwa kuliongeza. Mnamo Desemba 2022 jaji aliwakataa mashahidi wataalamu wa wadai kuhusu saratani tano: za kibofu, umio, tumbo, ini na kongosho. Alieleza kwamba hakuna mwanasayansi nje ya kesi hiyo aliyehitimisha kuwa ranitidini husababisha saratani. Sehemu ya hoja za wataalamu ilitegemea tafiti za NDMA katika chakula na katika viwanda vya mpira, mazingira yaliyo mbali na kidonge cha kiungulia.

Delaware ilikwenda njia nyingine, angalau kwa muda. Mwishoni mwa Mei 2024 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliruhusu wataalamu wasikilizwe katika madai yapatayo 75,000. Mwezi huohuo baraza la waamuzi raia huko Chicago lilikuwa limezipa ushindi kampuni za GSK na Boehringer Ingelheim katika kesi ya kwanza kusikilizwa hadi mwisho. Oktoba 2024 GSK ilikubali kulipa hadi dola bilioni 2.2 kumaliza madai yapatayo 80,000 bila kukiri kosa. Wastani wake ni dola 27,500 kwa dai, kabla ya ada za mawakili. Miezi tisa baadaye, Julai 2025, Mahakama ya Juu ya Delaware iliutengua uamuzi wa 2024. Malipo hayo, kwa hiyo, yasisomwe kama kipimo cha ukweli wa kisayansi. Yalikuwa bei ya mashaka, iliyokubaliwa wakati mlango wa mahakama ungali wazi.

Kwa washauri wa sera wa Afrika Mashariki, ugumu huanza kabla ya sayansi. Vidonge huuzwa kwa kuhesabiwa mkononi na kutiwa katika bahasha isiyo na namba ya toleo, aghalabu bila risiti. Joto la duka la dawa la pwani, ambalo kwa dawa hii lingekuwa sehemu ya ushahidi, mara nyingi halirekodiwi. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kufidiwa kwa madhara ya bidhaa yenye kasoro, lakini madai ya madhara ya mwili nchini humo hupewa miaka 3, na saratani huweza kuchukua miaka mingi kujitokeza. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya Kenya huruhusu mahakama kuongeza muda kwa asiyejua mambo ya msingi ya dai lake. Anayeomba nafuu hiyo bado atatakiwa kuonyesha alinunua kidonge gani, lini, na cha kampuni ipi.