Simu ya kuongea kwa intaneti nyumbani: Mfanyabiashara wa mpakani anunue ipi?

MAZUNGUMZO makubwa ya biashara ya mpakani siku hizi hayafanyiki Namanga, Busia wala Rusumo. Hufanyika usiku nyumbani, hesabu za siku zikishafungwa, pale mnunuzi wa Nairobi anapompigia mwenye vitunguu wa Mang'ola, au mwenye duka wa Kigali anapomtafuta msambazaji wa mchele wa Kahama. Bei hukubaliwa hapo, na gari la alfajiri hupakiwa kwa neno hilo.

Mengi ya mazungumzo hayo sasa hupita kwenye intaneti, hasa kwa WhatsApp, iliyoanza kutoa huduma ya simu za sauti mwaka 2015. Sababu kubwa ni gharama. Mwaka 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilianzisha mpango wa Mtandao Mmoja wa Kanda ulioweka ukomo wa senti 10 za dola kwa dakika kwa simu zinazovuka mipaka yao. Mpango huo ulileta nafuu, lakini mazungumzo ya nusu saa bado ni pesa. Kwa intaneti, dakika moja ya sauti kwa kawaida haifikishi megabaiti moja, hivyo saa nzima haimalizi MB 60. Mwenye Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi haoni hata tofauti.

Hasara hujificha kwenye ubora wa simu yenyewe. Sauti inapokatakata, "sitini" husikika "tisini", na watu wawili wakaagana kila mmoja akiwa na bei yake kichwani. Ugomvi wake huzuka mzigo ukiwa umeshavuka forodha. Ndiyo maana uchaguzi wa simu ya kuongelea nyumbani si jambo la kumwachia muuza duka anayesifia kamera.

Anza na wanaokupigia

Swali la kwanza ni moja: wateja na wenzako wanapiga kwa njia gani? Kama wote wako WhatsApp, unahitaji simu janja, na kitu kingine chochote kitakuwa pambo la mezani.

Zipo simu za mezani za intaneti, zinazochomekwa kwenye ruta kwa waya, na zipo adapta zinazowezesha simu ya mezani ya zamani kupiga kwa intaneti. Zote zina sauti safi na humfaa mwenye ofisi nyumbani ambaye simu zake hupokelewa na watu kadhaa. Lakini zinahitaji kampuni ya kukuuzia namba na huduma, na hazipokei simu ya WhatsApp. Mfanyabiashara mwenye wateja 50 wanaomjua kwa namba yake ya WhatsApp hatapata faida yake.

Ipo pia njia ya kati. Baadhi ya mitandao huruhusu simu ya kawaida ipite kwenye Wi-Fi ya nyumbani, namba ikiwa ile ile na bila kuhitaji programu. Hii huwafaa wanaoishi mahali ambapo mnara hausomi vizuri ndani ya nyumba. Sharti ni mtandao uwe unatoa huduma hiyo na simu iwe ya aina inayokubaliwa nao. Uliza kampuni ya laini yako kwanza, kisha ndipo ununue. Uliza pia malipo yake, kwa sababu kupita kwenye Wi-Fi peke yake hakuifanyi simu hiyo kuwa ya bure.

Ya bei rahisi inayokufa mikononi

Kwenye masoko ya simu zilizotumika, mtego mkubwa ni umri wa programu. Tangu mwaka 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu za Android zenye toleo lililo chini ya 5.0, wala kwenye iPhone zenye mfumo ulio chini ya iOS 15.1. Maana yake iPhone 5s, 6 na 6 Plus, ambazo haziwezi kupanda hadi mfumo huo, hazifai tena kwa kazi hii hata zikiwa zinang'aa. Vitochi vya intaneti vinavyotumia mfumo wa KaiOS navyo vimeachwa. Kabla ya kutoa pesa, fungua mipangilio ya simu, sehemu ya "Kuhusu simu", usome toleo kwa macho yako. Simu ambayo toleo lake limekaribia ukomo huo nayo haina maisha marefu, kwa kuwa ukomo hupandishwa kila baada ya muda.

Mtego wa pili ni masafa. Mitandao mingi ya 4G katika ukanda huu hutumia masafa ya 800 MHz na 1800 MHz. Simu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya mitandao ya Marekani hazina yale ya 800, na baadhi huja zikiwa zimefungwa kwa kampuni moja ya huko. Ukiwa na Wi-Fi hutaona kasoro. Siku Wi-Fi ikikatika, simu itashuka hadi 3G au 2G na mazungumzo kuharibika katikati ya bei. Weka laini zako zote mbili, ya nyumbani na ya nchi jirani, uone kila moja inashika nini ukiwa bado dukani.

Mtego wa tatu ni simu bandia. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016. Waliokuwa wamenunua bila kukagua walibaki na vipande vya plastiki. Piga *#06# upate namba ya IMEI, kisha uitume kwa ujumbe mfupi: 15090 kwa Tanzania, 1555 kwa Kenya. Linganisha majibu na jina la simu uliyoshika. Namba ikisema ni simu ya aina nyingine, irudishe.

Sauti, si kamera

Kwa kazi ya kuongea, sehemu muhimu ni maiki, spika, betri na namna simu inavyoshika Wi-Fi. Maiki hupimwa kwa dakika moja: rekodi ujumbe wa sauti ukitaja tarakimu, "sitini, tisini, sita, saba," kisha usikilize. Fanya hivyo dukani penye kelele, kwani nyumbani nako kuna watoto na televisheni.

Kuhusu Wi-Fi, simu za bei ya chini nyingi hushika masafa ya 2.4 GHz pekee, wakati nyingine hushika na 5 GHz. Ya 5 ni ya kasi zaidi lakini hudhoofika haraka inapopita ukutani, ilhali ya 2.4 hufika mbali. Kama ruta iko sebuleni na wewe huongelea stoo ya nyuma, 2.4 inatosha, na kusogeza ruta katikati ya nyumba kunaweza kusaidia kuliko kununua simu ya bei mbaya. Kama mnaishi nyumba za kupanga zilizobanana na kila chumba kina ruta yake, 2.4 hujaa, na hapo simu yenye 5 GHz italipa gharama yake.

Lipo tatizo lingine ambalo wengi hudhani ni mtandao: simu hailii mpaka uifungue, ndipo unakuta umepigiwa mara nne. Mara nyingi ni simu yenyewe inayozima programu ili kutunza betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, iruhusu WhatsApp ifanye kazi muda wote. Simu yenye kumbukumbu ndogo ya RAM huzima programu hata baada ya hapo, kwa hiyo epuka iliyo chini ya GB 3.

Kumbuka umeme. Simu yako inaweza kuwa na chaji, lakini umeme ukikatika ruta huzimika, na Wi-Fi huondoka nayo. Kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme wa ruta, kinachouzwa kwenye maduka ya kompyuta, huiwezesha kuendelea kwa saa kadhaa mradi laini ya intaneti yenyewe iko hai.

Wakazi wa miji ya mpakani wana jambo lao la ziada. Simu iliyo Namanga au Mutukula inaweza kushika mnara wa upande wa pili na kula salio kwa viwango vya ugenini. Zima data ya ugenini na uchague mtandao mwenyewe badala ya kuiachia simu. Gharama za data nazo hutofautiana kati ya nchi na nchi. Uganda, kwa mfano, iliondoa kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii mwaka 2021 na badala yake ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Anayepiga kwa bando awashe ndani ya WhatsApp kipengele cha kutumia data kidogo kwa simu.

Hata simu nzuri kuliko zote haiondoi haja ya maandishi. Bei ikishakubaliwa kwa sauti, iandike kwenye ujumbe pamoja na idadi ya magunia, uzito wa gunia na aina ya shilingi, kwa kuwa ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania zote huitwa shilingi. Subiri mwenzako ajibu "sawa" kabla gari halijaanza kupakiwa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa wengi daftari la siku hizi ni simu hiyo hiyo.