Kabla Programu Haijaamka

Chipu ya Wi-Fi iitwayo ESP8266, ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, ilianza kuenea mikononi mwa wapenzi wa elektroniki mwaka 2014. Ni ya bei nafuu, na inatosha kuwasha taa au pampu kwa amri ya simu. Lakini ina vituko vyake wakati wa kuwaka. Saketi iliyofanya kazi mchana kutwa huchomolewa, ikirudishiwa umeme ikawa kimya. Relei hulia “ta!” na taa ikawaka kabla mtu hajagusa simu. Kwenye kompyuta iliyoungwa nayo hutokea mstari wa herufi zisizosomeka.

Mafundi wengi hukimbilia kukagua programu waliyoandika. Hapo wanatafuta mahali pasipo na kitu, kwa sababu mambo haya hutokea programu ikiwa bado haijaanza.

Umeme ukiingia, chipu husoma kwanza maagizo mafupi yaliyowekwa ndani yake kiwandani. Maagizo hayo huuliza: programu nitaitoa wapi, kwenye kumbukumbu ya flashi au kwenye kompyuta? Jibu husomwa kwenye volti za pini tatu. GPIO0 na GPIO2 zikiwa juu, karibu volti 3.3, na GPIO15 ikiwa chini, karibu sifuri, chipu huwaka kawaida. GPIO0 ikikutwa chini, chipu huchukulia kwamba mtu anataka kuipakia programu mpya, nayo hukaa ikimsubiri. Ukimya ule ni wa kungoja.

Sasa tuseme fundi ameunga taa ndogo nyekundu ya LED kati ya GPIO0 na ardhi, na pini yenyewe inavutwa juu na rezista ya kiloomu 10. Taa hiyo huishusha pini hadi karibu volti 1.8. Kwa chipu hii, “juu” huanzia kama volti 2.5 na “chini” huishia kama volti 0.8. Kilichoko katikati hakina ahadi: leo itawaka, kesho itagoma. Ndiyo maana hitilafu kama hii humchanganya mtu, kwani haijirudii kwa mpangilio.

Zile herufi zisizosomeka nazo zina habari. Maagizo ya kiwandani yalihesabu kwamba chipu itapigiwa mdundo na kristali ya megahezi 40, ili izungumze kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde. Moduli nyingi zina kristali ya megahezi 26, kwa hiyo kasi hushuka kwa uwiano huohuo hadi 74,880. Weka kasi hiyo kwenye kompyuta, na maneno yatasomeka. Mstari utataja sababu ya kuwaka: 1 ni umeme kuingia, 2 ni pini ya kuanzisha upya kuguswa, 4 ni mlinzi wa ndani kuiwasha upya chipu iliyokwama. Utataja pia hali ya kuwaka: 3 ni kawaida, 1 ni kungoja programu mpya.

Mstari ukionyesha 3, kisha chipu ikajiwasha upya kila inapofungua Wi-Fi, shuku umeme. Redio ikirusha mawimbi huvuta kama miliampea 170, na kwa kitambo kifupi huvuka hapo. Kuna vibadilishaji vya USB vya kuiunga chipu na kompyuta ambavyo tundu lake la volti 3.3 hutoa miliampea 50 tu, hivyo volti huporomoka. Multimita haitakuonyesha mporomoko huo, maana huisha kabla namba haijabadilika, lakini osiloskopu itauonyesha. Tafuta chanzo chenye nguvu zaidi, na weka kapasita ya mikrofaradi mia chache karibu kabisa na chipu.

Na ile relei iliyolia “ta!”, ikiwa huwashwa na volti ya juu, ihamishie GPIO4 au GPIO5, ambazo hubaki chini chipu inapoamka. Nyingi za pini nyingine hupanda juu kwa muda mfupi.

ESP32, chipu iliyofuata ya kampuni hiyo, ina mtego mwingine: GPIO12 ikiwa juu wakati wa kuwaka, kwenye moduli nyingi flashi hupewa volti 1.8 badala ya 3.3, na programu haisomeki.

Kwa hiyo kabla ya kuchora saketi, andika kando ya kila pini itakuwa juu au chini katika nusu sekunde ya kwanza. Na hitilafu ikitokea, chomoa kila kilichoungwa nje, soma ule mstari, kisha rudisha kifaa kimoja kimoja. Kitakachorudisha ukimya ndicho chenye kesi.