NANI ALISHINDA KATI YA FALME TATU ZA KOREA?

Wanafunzi wenzangu, mukamate karte ya Asia. Kati ya China na Japani mutaona kipande cha inchi chenye kuingia ndani ya bahari: ndiyo Korea. Leo iko na serikali mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Lakini zamani falme zake zilikuwa nyingi, na namna zilivyoisha inatupa mafundisho.

Ufalme wa kwanza uliitwa Gojoseon. Mwaka wa 108 mbele ya Kristo, kaisari Wu wa China aliuvunja, akaweka watawala wake pale. Jimbo moja la Wachina, jina lake Lelang, lilidumu mupaka mwaka wa 313. Nani alilikamata? Ni Goguryeo, moja ya falme tatu zilizokuwa zinakomaa wakati ule:

1. Goguryeo, upande wa kaskazini. Watu wake walikuwa wapiganaji hodari. Mufalme Gwanggaeto aliipanua sana. Kiisha kufa kwake, mwaka wa 414, mwana wake alimusimamishia jiwe la ukumbusho lenye urefu wa zaidi ya metre 6. Lingali limesimama, ndani ya mupaka wa China.

2. Baekje, upande wa kusini-magharibi. Ilikuwa na mashamba mazuri na mashua, na ilituma Japani waalimu na dini ya Buda.

3. Silla, upande wa kusini-mashariki, nyuma ya milima. Ilichelewa: Goguryeo ilipokea dini ya Buda mwaka wa 372, Silla mwaka wa 527 tu. Katikati yake na Baekje kulikuwa Gaya, vifalme vidogo vyenye kufua chuma. Silla ilimaliza kuvimeza mwaka wa 562.

Mutu akiuliza nani alikuwa na nguvu, tutajibu: Goguryeo! Mwaka wa 612 China ya ukoo wa Sui iliishambulia kwa jeshi kubwa sana. Jemadari Eulji Mundeok akaliharibu kwenye muto Salsu. Mwaka wa 618 ukoo wa Sui wenyewe ukaanguka.

Lakini mwenye kushinda mwisho ni Silla, ile ya nyuma. Ginsi gani? Baekje na Goguryeo walikuwa wanaibana. Basi mwaka wa 648 mukubwa mumoja wa Silla, Kim Chunchu, akaenda China kuomba musaada kwa ukoo mupya wa Tang. Pamoja wakaangusha Baekje mwaka wa 660, na Goguryeo mwaka wa 668.

Hapo maneno yakageuka. Yule rafiki hakurudi kwake! Tang alitaka kutawala inchi yote, hata Silla yenyewe. Silla ikapigana naye toka mwaka wa 670 mupaka 676, na watu wa falme zilizoshindwa wakaisaidia. Tang akafukuzwa kusini. Lakini inchi pana ya kaskazini Silla haikuipata. Mwaka wa 698 ufalme mwingine, Balhae, ulizaliwa kule.

Basi, wengine wanasifu Silla kwa sababu iliunganisha watu. Wengine wanailaumu kwa sababu iliita mugeni katika ugomvi wa ndugu. Mukubwa akikusaidia kupigana, uulize mbele: vita ikiisha, atalala wapi? Wewe ungekuwa Kim Chunchu, ungefanya nini?